Vidole Vinne

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, soko lote la Warwick matope, mgongo unauma. Nimesukuma toroli la viazi siku nzima na picha moja kichwani.

Picha aliituma Rehema, mjane wa kaka yangu, anayekaa na baba kule Kilombero. Ni unyayo kwenye tope. Chini yake sauti ya baba, inatetemeka kwa furaha: "Faru amerudi, mwanangu! Mavi yametapakaa mpaka vichakani. Wewe una macho bado, tazama uniambie, dume au jike?"

Baba alikuwa askari wa wanyamapori. Mimi shule niliacha darasa la sita, lakini msituni nilisoma kwake. Alinifundisha kwamba faru hanyi ovyo. Hurudi palepale, akimaliza huyapiga mavi mateke kwa miguu ya nyuma, aondoke na harufu yake kwenye nyayo. Alinionyesha vijiti vilivyokatwa na faru mshazari kama kwa mkasi, na matope makavu kwenye shina la mti alipojikuna. Mchana faru hulala kichakani. Jioni huenda kunywa maji kwa njia ileile.

Njia ileile. Ndiyo maana waliwamaliza. Majangili hawakuhangaika kumtafuta, walikaa tu wakamsubiri.

Wa msitu wetu waliisha nikiwa bado nyumbani. Baba hakukubali. Mpaka leo, na uzee wote ule, huenda kukagua choo cha faru ambacho sasa kimeota miti.

Faru ana vidole vitatu. Kwenye picha kuna vinne.

Ni kiboko. Ametoka mtoni usiku kula majani, na mavi ameyatawanya kwa mkia kama kawaida yao.

Nilisimama kwenye robot, taa za barabarani, nikiitazama tena, mpaka Didier, Mkongomani tunayesukuma naye, akanipigia kelele nyuma: "Papa, unaangalia matope mu telefone? Hii ya hapa chini haitoshi? Robot iko green!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa karibu kulia. Baba ninayemjua asingekosea hili. Ama macho yake yamekwisha, ama anamtaka faru huyo kiasi kwamba hata kuhesabu hawezi. Sijui kipi kibaya zaidi.

Mchana Rehema akaandika: "Anasema kesho atalala juu ya mti palepale amsubiri, na panga ameshalitoa. Nimemkatalia hanisikii. Ongea naye wewe, shemeji."

Mzee asiyeona vizuri, gizani, kwenye njia ya kiboko.

Nikiri: nilitaka kumdanganya. Niseme jike, baba, tena ana mimba. Angefurahi kuliko nilivyowahi kumfurahisha maisha yangu yote. Kisha angekwenda kupanda mti.

Na kwenda kumshika mkono siwezi. Kibali changu cha kuishi huku kimeisha, nikivuka mpaka sirudi, na wote kule wanakula kwa toroli hili.

Nilipofika chumbani Overport nikamrekodia kabla ya kuvua viatu: "Shikamoo baba. Ni kiboko huyo. Vidole ni vinne. Usiende."

Akajibu papo hapo. "Hesabu tena."

Nikahesabu. Kweli nilihesabu, huku nikimwomba Mungu kimoja kiwe kivuli au jani.

"Ni vinne, baba."



Baadaye Rehema akaniambia baba amerudisha panga mahali pake, ameingia ndani kulala, chakula hataki. Akaniandikia asante. Asante ya nini?

Didier amepika fufu, ananiita nile. Nimemwambia sina njaa.

Kiboko hatamuua tena. Lakini kesho baba akiamka, ataamkia nini? Na mimi niliyemnyang'anya faru wake, nitampa nini nikiwa huku?