Ndege Ambayo Haikuzunguka

Guildford, Sydney
Jumatatu jioni

Mdogo wangu Chibalonza,

Kabla ya neno lolote nakusalimu, na kwa mkono wako nawasalimu wote wa hapo kijijini Nyamishebo waliobaki wakinikumbuka. Je, magoti yako yanakuruhusu kupanda hadi kanisani, au bado unasalia nyumbani siku za mvua? Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na minne. Baridi ya huku imeanza, nami hukaa na koti hata mezani. Mwanao Patrick hajambo. Angali anaendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany, na arudipo hunisimulia habari za kazi kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza, hata ninamtaka aianze sentensi upya. Yeye hucheka na kuniambia kwamba mjomba amesahau kuwa kengele ya shule ilikwisha kulia.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara tatu. Umeandika kwamba damu ya yule mpiga rimu ya shule haitaingia katika nyumba yako. Umeniagiza kwamba, kwa kuwa baba yake Patrick hayupo duniani, mimi mjomba wake niende Auburn kwa Candide, mama wa binti ambaye Patrick anataka kumwoa, nikamwambie kwamba ukoo wetu umekataa. Tena umenisihi niseme kwa heshima, kama mtu aliyesoma. Nimekusikia. Ila kabla ya kukujibu, vumilia nikueleze habari za binti huyo ambaye unamjua kwa jina la babu yake tu.

Anaitwa Arakaza. Yeye ni fundi katika jeshi la anga la nchi hii, hapo Richmond, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka hapa kwetu. Hutengeneza ndege kubwa za mizigo ziitwazo Hercules. Ni mwembamba, mwenye kucheka upesi, na kucha zake hazitakati kwa grisi. Mama yake humtania kwamba mkwe gani atapokea mkono unaonuka mafuta ya ndege badala ya vitunguu. Yeye humjibu kwamba mkwe akitaka vitunguu, Patrick anajua kumenya. Hapa kwetu huja Jumapili baada ya ibada, huniita Babu, na hajapata hata siku moja kunipa kitu kwa mkono wa kushoto.

Mwezi uliopita wanajeshi waliruhusiwa kuwaalika ndugu zao waje kuzitazama ndege. Arakaza alitualika, nami nilikwenda kwa sababu nilikosa udhuru. Ndege zilipangwa uwanjani kama wanafunzi asubuhi. Palikuwa na ya kivita, F-35, yenye injini moja na pua nyembamba, iliyozungukwa na watoto wengi. Palikuwa na Poseidon, ambayo hulinda bahari na kutafuta nyambizi zinazopita chini ya maji. Palikuwa na moja inayobeba mafuta na kuzinywesha nyingine huko huko angani, na moja yenye kitu kama ubao mgongoni, ambacho kwacho huona mbali kuliko jicho. Kisha palikuwa na Globemaster, ambayo tumbo lake ni pana kuliko kanisa letu. Patrick alijigamba kwamba angeweza kuliingiza lori lake humo kinyumenyume. Arakaza alimwambia kwamba angegonga mlango, kama alivyogonga geti la mama yake. Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nilicheka pia, mdogo wangu. Nakuambia ili ujue kwamba nilikuwa nimecheka kabla ya lililofuata.

Ilipofika zamu ya Hercules, waliwasha injini zake nne, moja baada ya nyingine. Mapanga ya injini yalianza kuzunguka, na sauti ile ikanipanda kutoka nyayoni. Niliposhtuka, nilikuwa nimekaa chini na kujifunika kichwa kwa mikono miwili, mbele za watu. Arakaza alininyanyua, akanitafutia kiti kivulini na kuniletea mkate wenye soseji ndani.

Sasa nitarudia mambo ambayo wewe unayajua, ili uyaone katika mpangilio wake kabla ya kufika kwenye usiyoyajua.

Unakumbuka kwamba mwaka ule wa vita barabara zilifungwa, na chakula kikaja kwa ndege, kikaangushwa katika uwanja wa shule. Unakumbuka pia kwamba zilikuja ndege nyingine, za kuangusha mabomu, ambazo hadi leo hakuna aliyekiri kuwa ni zake. Watu wa misaada walinipa karatasi yenye picha za aina za ndege. Mimi, mwalimu mkuu, nilizichora ubaoni, nikawafundisha watoto kuzitambua kwa mabawa, kwa mkia na kwa sauti ya injini. Mwanao Masumbuko ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzijua zote. Rimu ya lori, kengele yetu iliyoning'inia mbele ya ofisi yangu, ilikuwa na mapigo mawili. Mapigo ya haraka yalisema kimbieni mgombani. Mapigo matatu ya polepole yalisema njoni na mabeseni. Mpigaji alikuwa mlinzi wetu Bigirimana, mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa maneno machache.

Siku ile yalipigwa matatu ya polepole. Wewe ulikuwa shambani ng'ambo ya bonde, Patrick akiwa mgongoni mwako, nawe ulifurahi kwamba Masumbuko angewahi foleni. Alikuwa na miaka tisa. Waliokufa uwanjani walikuwa kumi na mmoja. Wewe ulilichimbua beseni lake la bluu kwa mikono yako.

Siku ya nane wazee walikutana kanisani. Waliamua kwamba Bigirimana alipiga visivyo, kwa uzembe au kwa kutumwa, na kwamba mgeni huyo aondoke na watu wake. Wewe ulisimama mlangoni ukamlaani mbele ya mtoto wake Candide. Bigirimana aliuchukua mkeka wake, akaondoka, na miaka kumi na miwili baadaye alifia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Narudi uwanjani Richmond. Nilipokuwa nimekaa pale na mkate wangu, Arakaza alichuchumaa kando yangu, akaanza kunieleza kazi yake kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Alisema kwamba wao wanapoangusha chakula, ndege huja chini na kuzunguka kwanza, ili rubani autazame uwanja, watu na upepo. Hurudi mara ya pili ndipo iangushe. Baadaye aliniambia kwamba aliichagua kazi hii kwa ajili ya babu yake. Tangu utotoni alitaka kujua inawezekanaje mtu aliyesikia ndege zile kila wiki akosee siku moja. Alisema kwamba kambini watu walipomsimanga, babu yake alijibu jambo moja tu, kwamba mkono uliopiga ni wake. Na alipokaribia kufa alimwambia kwamba kijiji hupata mlinzi mwingine kwa urahisi, lakini mwalimu mwingine hakipati. Aliniuliza, kwa kuwa mimi nilikuwapo, maneno hayo yalikuwa na maana gani.

Nilimjibu kwamba wazee wakikaribia kufa husema mengi. Alishukuru. Soseji ilikuwa imepoa mkononi mwangu, sikuweza kuila wala kuitupa.

Chibalonza, kaa chini kama umesimama.

Siku ile tulikuwa wawili mbele ya ofisi, mimi na Bigirimana. Tuliisikia ndege ikitokea upande wa ziwa. Mimi niliitambua mara moja kuwa ni ya mizigo, na kweli ilikuwa ya mizigo. Nilimwambia apige matatu. Alikishika chuma, asipige. Aliniambia, kwa sauti ya chini kama desturi yake, kwamba ndege haijazunguka, na kwamba iko juu mno. Aliniomba tungoje izunguke. Nilimuuliza yeye anajua nini kuhusu ndege, mtu ambaye hata jina lake huliandika kwa kuchora. Nilimwamuru apige. Siku nne watu walikuwa hawajala, nami nilitaka waipate habari njema kutoka shuleni kwangu. Akapiga. Ndege ile ilikuwa ya mizigo kama nilivyosema, ila walikuwa wameipakia mabomu, wakayasukuma nje kwa mlango wa nyuma. Katika karatasi yangu hapakuwa na picha ya tumbo la ndege.

Katika mkutano wa wazee mimi ndimi niliyekuwa katibu. Nilingoja Bigirimana aseme. Alinitazama mara moja, akatazama chini. Nikaandika kwamba mlinzi alipiga ishara isiyo sahihi bila kuagizwa. Niliandika kwa mwandiko mzuri, sikukosea hata herufi moja, nikaisoma kwa sauti, nawe ulikuwa ukisikiliza.

Miaka yote hii umeniandikia kwamba unanishukuru kwa kumlea Patrick. Nimemlea, ndiyo. Lakini sijapata kumtazama akila bila kumwona nduguye Masumbuko.

Sasa jibu langu. Sitaipeleka hapana yako. Jumamosi nitakwenda Auburn, nitakaa mbele ya Candide na Arakaza, Patrick akiwapo, na kabla ya neno la posa nitasema haya niliyokuandikia. Baada ya hapo, kama watatupa binti au watatufukuza, haki ni yao. Arakaza nitamwambia pia kwamba nilimdanganya pale uwanjani, mbele ya ndege zake.

Barua hii nampa Falone wa kanisani, ambaye anasafiri kuja huko Alhamisi. Nimeifunga mwenyewe. Usimpe mtu akusomee. Mimi ndimi niliyekufundisha kusoma, na hilo angalau nililifanya vizuri. Utakapoifungua, Jumamosi itakuwa imekwisha kupita, nami nitakuwa nimekwisha sema. Sikukungoja unipe ruhusa, kwa maana ungeweza kuninyima, nami ningefurahi kunyimwa.

Neno moja nakuomba. Nenda mlangoni mwa kanisa, mahali pale pale uliposimama, uitengue laana uliyompa Bigirimana. Litaje jina lake kwa sauti, waliobaki wasikie. Ukitaka kuiweka kwa mwingine, unajua sasa anapoishi.

Nisalimie kaburi la Masumbuko. Mwaka huu pia lipakwe chokaa kabla ya mvua kubwa. Falone amebeba fedha ya kazi hiyo. Wasalimie na majirani, hasa wale waliokuwa wanafunzi wangu, na usiwakataze wakitaka kuisoma barua hii. Mungu akutunzie magoti na macho. Kama hutaniandikia tena, nitaelewa.

Ni mimi kaka yako, ambaye nakuomba usiniite tena Mwalimu,

Bahizire