Kiapo Nilichomlisha Chiriku

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini goti lako limepunguza ukali tangu ulipoacha kupanda zile ngazi na ndoo mkononi, na kwamba shemeji amepona kikohozi chake cha alfajiri kinachoamsha mtaa mzima. Watu wakiandika barua husema, mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali. Safari hii siwezi kuandika hivyo. Hofu ninayo mwenyewe, tena tele, na nyingine niliileta nyumbani kwako bila wewe kujua.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Unasema Chiriku amenyamaza. Mwanao, tuliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa akipayuka hata usingizini, sasa anajibu kwa kutikisa kichwa. Unasema hataki kulala, na ulipoinua mto wake ulikuta peremende na vipande vya mkate. Umegundua anapunguza insulini kwa siri, na muuguzi wa kliniki amekuonya kwamba sukari yake isiposhuka chini ya ishirini, wiki ijayo watamlaza tena. Ukamalizia kwa kuniomba nizungumze naye, maana nimeishi na kisukari hiki tangu nina miaka tisa, na katika ukoo mzima hakuna anayefaa kumfundisha kama Bwana Sindano, jina ulilonibandika wewe mwenyewe. Dada, hapo ndipo mikono ilianza kunitetemeka, na haikuwa sukari. Nilipima, ilikuwa sawa.

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanipigia simu. Kwenye simu ningekwepa, unanijua.

Mambo yalianzia kazini, pale kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ni kukata karatasi. Unapanga rundo, unalisukuma mpaka kwenye kipimo, unabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili, kisu kinashuka. Vitufe vimewekwa viwili ili mkono wowote usibaki chini ya kisu. Sasa, miezi kumi iliyopita, kitufe kimoja kilikuwa kinasumbua, tukakibana kwa kipande cha kadibodi ili kazi isisimame, kama mafundi tulivyo. Siku hiyo sukari ilinishuka bila kubisha hodi. Nakumbuka niliziona karatasi mbili mbili, nikanyoosha mkono mmoja kuzipanga vizuri huku wa pili ukibonyeza kitufe kilichobaki. Fundi wa majalada alinivuta shati kwa nyuma. Kisu kilikata ncha ya mkono wa shati, mkato ulionyooka kabisa, kama kazi ya mteja. Wenzangu walicheka, nami nikacheka.

Tangu siku hiyo roho yangu ikawa juu juu. Na ubaya wa hofu ni kwamba huja na jasho, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, na sukari ikishuka nayo huja na hayo hayo. Sikuweza tena kujua ni ipi imeingia. Nilikuwa nikijichoma kidole mara ishirini kwa siku, na nikiona namba nzuri siiamini. Nikawa nakunywa soda kabla ya kuanza zamu, soda kabla ya kuoga, soda kabla ya kuvuka barabara. Ungeniona ungecheka, halafu ungelia.

Fundi wa majalada, mtu asiye na ubaya na yeyote, aliniona nilivyokonda akasema dawa yangu ni bia moja tu ya kutuliza moyo. Nami, mtu mzima niliyeonywa na madaktari tangu nilipobalehe, nikamsikiliza yeye. Nilijua vizuri kwamba pombe ikiingia mwilini, ini hushughulika nayo na kuacha kazi yake ya kutoa sukari ya akiba, na kwamba sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata asubuhi ya pili. Nilijua kama ninavyojua jina lako. Lakini ile bia ya kwanza ilinipa nusu saa ya kutoogopa kitu, na nusu saa kama hiyo nilikuwa sijaipata kwa muda mrefu. Bia moja ikawa mbili, kisha ikawa chupa ya pombe kali nyuma ya debe la unga. Nilikunywa kwa sababu naogopa sukari kushuka, na pombe hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiishusha.

Na zile namba za sukari yangu ninazokutumia kila Jumamosi, ambazo wewe huzibandika kwenye mlango wa kabati ili Chiriku azione, nazitunga. Nakaa kitako, nawaza mtu anayejitunza angepata namba gani, naandika hizo. Huwa naweka moja mbaya katikati ili zifanane na ukweli.

Sasa nikueleze kuhusu siku nne ulizokwenda kumuuguza mama mkwe wako ukaniachia mtoto. Chiriku alikuwa na miezi mitano tu tangu aambiwe kuwa ana ugonjwa wangu. Ulimleta na begi lake, kipimo chake, na karatasi ya maelekezo uliyoiandika kwa herufi kubwa kama ya watoto wa chekechea, ukaniambia humwachii mtu mwingine yeyote. Nilitabasamu. Moyoni nilikuwa nimekufa kwa hofu. Wagonjwa wawili nyumba moja, na mlinzi ni mimi. Nilimpima mara nyingi hadi akanitania kwamba akinywa maji yatamvujia vidoleni. Jioni ya tatu, baada ya yeye kula na kwenda kulala, nilijichoma insulini ya chakula changu, kisha nikamimina glasi moja kwanza, nitulie ndipo nile. Sikula. Glasi zilikuwa tatu, au nne.

Yaliyofuata niliyasikia kwa mdomo wake. Asubuhi alinikuta sakafuni jikoni, shati limelowa jasho, nikiongea maneno yasiyoshikana na kumwita kwa jina lako. Alitaka kuninywesha maji ya sukari, nikakipiga kikombe kikaruka. Simu yangu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri asiyoijua. Akakimbia kumwita mshonaji wa mlango wa pili. Yule mama alikuja, akainama, akanusa, akamwambia mjomba wako amelewa, mwache alale, atazinduka mwenyewe. Akarudi kwenye cherehani yake. Simlaumu, maana harufu ilikuwepo. Lakini ningeachwa nilale, nisingeamka.

Chiriku, na miaka yake kumi na moja, hakumtii mtu mzima. Alichukua kipimo chake akanichoma kidole. Kilisoma moja nukta sita, na wewe unajua kwamba chini ya nne tayari ni hatari. Wakati huo nilikuwa siitiki tena. Akakumbuka ulivyomfundisha, kwamba asiyeweza kumeza hamiminiwi kitu kinywani. Akanilaza ubavu, akawa anachovya kidole kwenye asali na kunipaka ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku akinipima kila baada ya dakika chache, mpaka nikafumbua macho. Wewe ndiwe uliyekuwa ukinifuata shuleni na biskuti mfukoni hadi zikageuka unga. Mtoto huyu ni wako kweli.

Nilipozinduka asali ilikuwa kwenye ndevu zangu, na yeye alikuwa analia bila sauti. Aliniuliza kama na yeye siku moja atakuwa hivyo. Haya yanayofuata nimeyaandika na kuyafuta mara tatu. Nilimshika mikono nikamwapisha asikuambie. Na kwa kuwa niliona jina la Mungu peke yake halitamtisha vya kutosha, nilimwapisha kwa uhai wako. Nilimwambia akitoa neno hata moja, mama yake atapatwa na jambo. Yeye alikuwa amenilisha asali, mimi nikamlisha kiapo.

Kwa hiyo usihangaike kumtafutia ugonjwa mwingine. Ananyamaza kwa sababu anaamini neno likimponyoka utakufa. Hataki kulala kwa sababu alimsikia mtu mzima akisema mwache alale, na aliona ilivyobaki kidogo nife. Anaipandisha sukari yake kwa sababu alishuhudia ikishuka inamfanyaje mtu. Kila Jumamosi anaziona namba nzuri za mjomba kwenye mlango wa kabati, anajua ni uongo, na hana wa kumwambia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilificha yangu, na kilio kimekwenda kumwangukia mtoto.

Chupa nimeimwaga. Msimamizi wetu nimemweleza ugonjwa wangu na ile kadibodi, akanigombeza kwa yote mawili, kisha akanihamishia meza ya kuhesabu kurasa mpaka mashine itengenezwe. Kliniki nimekwenda, na nimemweleza muuguzi habari ya pombe na habari ya hofu, naye akaniambia zote mbili zinatibika na hakuna ya kuifanyia ujanja. Sisemi nimepona. Jana nilipita mbele ya duka la vinywaji mara mbili, na mara ya pili sikuwa na sababu ya kupita. Leo asubuhi namba yangu ni kumi na tano nukta nane. Hii ni ya kweli. Tafadhali zibandue zile nyingine.

Naogopa utanifungia mlango, na ukifanya hivyo sitakuwa na la kusema. Lakini ninaloogopa zaidi ni hiyo wiki ijayo, mtoto alazwe akiwa bado amebeba siri yangu. Jumamosi nitafika hapo kwa miguu yangu. Ukitaka niishie kibarazani, nitaishia kibarazani.

Nisalimie shemeji, na umwambie mama mkwe namwombea nafuu. Chiriku usimpe salamu zangu. Msomee barua hii yote, kwa sauti yako mwenyewe, hata pale inaponiaibisha. Aliyesema ni mimi, yeye kiapo chake hakukivunja. Ukifika mwisho, mshike mkono uuweke kifuani pako, asikie kwamba siri imetoka yote na moyo wa mama yake bado unapiga.

Ni mimi mdogo wako,

Bwana Sindano