Chops Zile Nilizipika Mimi

Nyumba Na. 27,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli,
S.L.P. 318.

Alhamisi, 9 Mei

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na kikohozi kimekuachia. Mumeo hajambo? Na wale wajukuu mapacha, wameshaota meno au bado wanawang'ata wageni kwa ufizi? Sisi huku miili yetu haina neno. Kilichonisumbua ni hasira tu. Leo ni siku ya kumi na moja nalala nayo, naamka nayo, na kwa umri wangu jambo hilo si la afya.

Juzi binti yangu aliniambia kwamba ulimpigia simu Jumapili, ukamtaka anishauri nimwombe radhi shemeji yangu Karani. Niliposikia hivyo niliweka chini kijiko. Karani alikuwahi kwa simu, akakusimulia alivyopenda, nawe ukakata hukumu bila kunisikia. Dada, mimi na wewe tumelala kitanda kimoja utotoni, miguu yako usoni kwangu. Namba yangu ulikuwa nayo. Basi soma kwanza, kisha unihukumu.

Unakumbuka marehemu wifi yako alifanya kazi miaka tisa kwenye ule mgahawa wa Wachina. Aliingia kuosha sufuria, akatoka akiwa mpishi wa jiko la pili. Huko ndiko alikojifunza zile chops, vipande vya nguruwe vyenye mfupa, zenye rojo tamu inayong'aa, ya sosi ya soya, asali na tangawizi. Hakuzijua kabla, na hakuna mtu wa kwao aliyezijua. Nataka ulishike hilo.

Alipofariki hakuacha maandishi yoyote. Mwaka wa kwanza nilikula mkate na chai, nikiwadanganya watu kwamba tumbo langu halitaki vizito. Kisha Jumamosi moja nilipita buchani nikanunua chops mbili. Nilichanganya soya na asali, nikamwaga vyote kikaangoni pamoja na nyama. Sukari iliungua ikawa lami, nyama karibu na mfupa ikabaki mbichi, na jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inawaka.

Lakini mimi ni fundi wa friji. Mashine ikigoma, nabadilisha kitu kimoja kimoja mpaka nipate ugonjwa. Ndivyo nilivyofanya na chops, kila Jumamosi, karibu mwaka na nusu. Nikagundua kwamba lazima nyama ifutwe maji kwa kitambaa, ikaangwe yenyewe kwa chumvi tu, kisha isimamishwe kwa ubavu ili ule mstari wa mafuta uive. Rojo ipikwe pembeni, soya na asali, tangawizi ya kukuna, kitunguu saumu na siki kidogo, mpaka ing'ang'anie kijiko. Ipakwe mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, igeuzwe, ipakwe tena, inyunyiziwe ufuta. Siku ilipokubali nilionja nikiwa nimesimama, nikaketi sakafuni nikalia. Sioni haya kukuambia.

Sasa njoo kwenye kisa chenyewe. Wazazi wa mchumba wa binti yangu walikuja pamoja na mwana wao, yule mwalimu wa hesabu, kula chakula cha mchana Jumapili ile ya mwisho wa Aprili. Baba mtu ni dereva wa lori mstaafu, mama mtu ni mshonaji. Binti yangu mwenyewe ndiye aliyeniomba, "Baba, wapikie zile za mama." Nilikuwa jikoni tangu asubuhi, nimepiga pasi hata aproni.

Saa nne akaingia Karani, gauni jeupe, marashi yamemtangulia. Alikuwa amealikwa kula, hakualikwa kupika. Kama ujuavyo, tangu mdogo wake atutoke anajiona ndiye mama wa nyumba hii.

"Shemeji, vua hiyo aproni," akasema. "Wakwe wasikukute jikoni. Watatuonaje?"

"Watatuona tunawapikia. Zimebaki kupakwa rojo tu."

"Nitapaka mimi."

"Rojo inataka moto mdogo, Shemeji."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kupika?"

Akapandisha gesi. Nikaishusha. Akaipandisha tena. Nikasimama mbele ya jiko kama askari wa benki, nikazipaka zote sita kwa mkono wangu. Yeye alichofanya ni kubeba sahani kwenda mezani. Nilimwachia abebe, nikajiambia ni siku ya binti yangu, sitaki ugomvi. Nikavua aproni nikamfuata mezani.

Mama mshonaji alionja, akaweka uma chini, akauliza ni nani aliyepika chakula kizuri namna ile. Kabla sijameza, Karani akajibu bila hata kupepesa macho.

"Ni mimi, dada yangu. Haya ni mapishi ya kwetu. Hata marehemu mdogo wangu nilimfundisha mimi."

Dada, kuninyang'anya mimi jasho la asubuhi moja ningevumilia. Lakini miaka tisa ya marehemu, mikono imebabuka kwa maji ya moto, anarudi nyumbani miguu imevimba, leo mtu anaichukua yote kwa sentensi moja huku anajipangusa midomo? Nilimtazama binti yangu. Anaujua ukweli. Karani akaongeza, "Na huyu binti nimeshamfunza, msiwe na wasiwasi." Na mtoto wangu, huku ameinamia sahani, akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Sikupiga kelele, wala sikugonga meza kama ulivyosimuliwa. Nilisema tu hivi: "Mama, nimepika mimi. Nimejifundisha kwa kukumbuka ladha ya mke wangu, naye alijifunza kazini. Shemeji yangu amebeba sahani."

Karani akacheka, akawaambia wageni kwamba tangu nifiwe nimekuwa na maneno ya ajabu, wanisamehe.

Nikamwambia, "Basi watajie kilichomo kwenye rojo."

"Nyanya," akasema.

Yule mwalimu wa hesabu alikohoa ndani ya kitambaa mpaka macho yakatoka machozi. Karani akachukua mkoba wake akaondoka, matunda hayajaliwa. Wageni nao walimaliza chakula haraka, wakaaga mapema.

Tangu siku ile simu hazikatiki. Ndugu wanasema nimemdhalilisha mwanamke mbele ya wakwe, nimeuza siri za nyumba, nimemharibia mtoto ndoa yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nilisema uongo. Na binti yangu, kabla hajaacha kuongea nami, aliniambia kitu kimoja tu. "Ungenyamaza kwa ajili yangu, Baba." Kwa neno hilo nikaacha kupika. Nilianza kuamini ndoa imekufa na nimeiua mimi.

Juzi Jumanne, jioni kabla taa hazijawashwa, hodi. Alikuwa yule dereva wa lori, peke yake, ameshika kifurushi cha gazeti. Nikajua amekuja kuvunja uchumba. Nikamkaribisha sebuleni, akakataa, akaomba tukae jikoni. Alipofungua kile kifurushi, mlikuwa na chops nne.

Aliangalia mikono yake, akasema, "Mke wangu vidole vimekakamaa. Hashiki sindano, hashiki kisu. Mwaka wa pili huu. Namfungulia maharage ya kopo, tunakula. Watoto tunawaambia tumechoka na vyakula vya mafuta."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nilikuwa naona haya. Uliposema pale mezani kwamba umepika wewe, mke wangu alinikanyaga mguu. Hajaacha kunikumbusha habari hiyo. Basi nifundishe."

Dada, nilimfundisha. Mtu aliyeendesha tani thelathini milimani anashika kijiko kama anashika kifaranga. Alipaka rojo mapema, chops mbili zikaungua, akaomba radhi kwa nyama. Mbili zilizobaki zilitoka zinang'aa. Tukiwa katikati ya moshi, binti yangu akatokea mlangoni. Alimsikiliza mkwe wake akihesabu pole pole mara ngapi amegeuza. Kisha akasogea karibu na jiko akauliza, "Asali ni vijiko vingapi?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku tisa. Nikamjibu vitatu. Mzee alipoondoka na chops zake mbili kwenye bakuli, tukakaa tukaongea, na hapo ndipo aliponieleza habari ya simu yako. Amesema atakupigia mwenyewe akueleze alichokubali kwa kichwa siku ile, na kwa nini.

Kuhusu Karani, nyumba yangu iko wazi siku akitaka kuja, na sahani yake itakuwepo. Lakini radhi sitaomba. Nikiiomba, nitakuwa nimemwambia yule mzee kwamba alichokuja kukifanya jikoni kwangu ni aibu, arudi kwenye makopo yake na kufunga mlango. Hilo siliwezi, hata ukiniagiza wewe uliyenilea.

Nisalimie mumeo, mapacha na mama yao, na yule rafiki yako muuguzi anayecheka kwa sauti. Mungu akutulizie goti hilo na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso, unigombeze vizuri.

Mdogo wako akupendaye, ingawa bado nimenuna,

Fundi