Wimbo wa Ayeeyo Sikuuficha

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Joto la leo halina adabu. Hata kuku wa jirani wamejibana chini ya tangi la maji na hawataki kutoka.

Hakuna mwanamke aliyekuja.

Kila Alhamisi baada ya alasiri akina mama wa mtaa wetu hapa Iftin huja kwetu kwa sitaat. Wanakaa mkekani, buni zinakaangwa kwa samli na kutafunwa, udi unafukizwa, na wanaimba kumsifu Mtume na mabibi watukufu, Hawa na Fatuma. Anayeongoza ni ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa baba. Alhamisi iliyopita walikuja wawili. Leo amekaa peke yake mpaka buni zikapoa, kisha akakunja mkeka. Hakunitazama.

Ni mimi niliyewafukuza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna anayekisoma, na kwa sababu kulisema jambo hili kwa Kisomali naona haya. Nina miaka kumi na saba. Darasani sinyanyui mkono hata kama jibu ninalo.

Nilikuwa mtoto wa mgongoni siku wale watu wa bunduki walipoingia mji wetu, ng'ambo ya mpaka, na majembe. Babu yangu alikuwa shehe. Tangu afe, watu walizuru kaburi lake kila mwaka, wakasoma maulidi, wakachinja, wakala pamoja. Wale watu wakasema huo ni ushirikina. Wakalifukua kaburi mchana kweupe, wakatia mifupa kwenye gunia la mahindi, na wakatulazimisha tutazame. Baba yangu akaomba apewe lile gunia. Aliomba kwa adabu, ayeeyo husema. Wakampiga risasi.

Ayeeyo alinibeba mpaka Liboi, mama yangu, hooyo, akiwa nyuma yetu na sufuria moja. Tukafika kambini Dadaab. Huko, kwenye foleni ya unga, ayeeyo akamwona mmoja wao, amepanga foleni kama sisi. Ndiyo maana tunaishi hapa mjini, bila kibali.

Haya yote sikuyasoma popote. Nilitafuta jina la baba kwenye kompyuta ya shule, halipo. Kwa hiyo nikajiunga na klabu ya wanahabari, mimi ambaye hata kuagiza chai hotelini najiumauma. Redio ya mtaa huipa klabu yetu nusu saa kila Jumamosi. Nikamwomba ayeeyo asimulie. Akakubali kwa sharti moja tu: asijulikane.

Mhariri wa pale ni Mutua, mtu wa bara, Kisomali chake kinaishia kwenye salamu. Alinifundisha kazi vizuri. Alisema sauti ya shahidi ni kama uso wake, na akanionyesha jinsi ya kuibadilisha kwenye kompyuta. Ya ayeeyo niliishusha mpaka ikawa kama ya mzee mwenye mafua.

Lakini mwisho wa mazungumzo, akiwa amechoka, ayeeyo alimwimbia babu. Beti mbili tu. Nilipoishusha na hiyo, ikawa kama ngamia anayekoroma. Nikairudisha ilivyokuwa.

"Na huu wimbo mbona hujaugusa?" Mutua aliniuliza.

"Ni kasida tu. Kila mtu huiimba."

"Haya. Wewe ndiye mwenye lugha."

Nilijua. Hapa sitajidanganya. Kila mwanamke wa Iftin anajua ni nani huanza kasida ile kwa kuvuta pumzi katikati ya neno. Nilijua na nikaiacha kwa sababu ilikuwa nzuri, na nilitaka watu waseme kipindi changu ni kizuri.

Walisema.

Jumapili yake nilitumwa sukari. Halimo mwenye duka akanipimia huku anacheka. "Kumbe ayeeyo wako siku hizi ni staa? Mwambie asitusahau sisi wa mtaani." Nikacheka na mimi. Nikatoka bila kuchukua chenji.

Jumanne simu ya hooyo ikalia. Kijana, sauti ya upole, salamu kamili mpaka wabarakatu. Kisha akasema, "Mwambieni mama mzee kwamba tuliowafukua hawakuongea. Na yeye apumzike."

Hooyo alitaka kwenda polisi. Akavaa kabisa, akafika mlangoni, akarudi akaketi. Kwenye dawati la polisi kitu cha kwanza ni kitambulisho, na ayeeyo ana kadi ya mkimbizi inayosema makazi yake ni kambini. Akienda kulalamika, ataulizwa yeye kwanza anafanya nini mjini, kisha arudishwe kule kwenye ile foleni ya unga. Zile haki za binadamu nilizozikariri kwa ajili ya klabu, zote thelathini, hazikutosha kumfikisha ayeeyo kwenye dawati.

Habari ya simu ikaenea, akina mama wakaacha kuja. Siwalaumu.

Hapana, nawalaumu. Wamekula buni zetu miaka na miaka.

Ayeeyo hakupiga kelele. Alisema, "Umenivua shungi barabarani."

Nikamwambia walahi ayeeyo, nilibadilisha sauti, maneno yote niliyashusha sauti.

"Maneno uliniomba nikakupa. Wimbo uliniomba lini?"

Tangu siku hiyo ananiita "wewe". Zimepita siku tisa.

Sasa leo mchana Mutua ameniandikia. Shirika moja la haki za binadamu Nairobi limesikia kipindi, linataka kirushwe nchi nzima, na mimi nipewe nafasi ya mafunzo ya uanahabari likizo hii. "Wimbo hasa ndio umewaliza," ameandika. Wanataka jibu leo.

Nikiri. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni mafunzo. Nikajiambia, madhara si yameshatokea? Kesho ayeeyo anahamia Bura kwa ndugu yetu anayeuza mbuzi, na huko nani atamjua? Niliandika "ndiyo". Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sikuituma. Nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa anafunga nguo.

"Ayeeyo, wanataka kuucheza tena ule wimbo. Nakuuliza."

Alikunja nguo moja, akaitia kwenye begi. "Na wewe watakupa nini?"

Nikamweleza.

"Unakitaka?"

"Nakitaka sana."

"Hapana," akasema, akaendelea kukunja.

Hakusema amenisamehe. Hakusema Mungu atanipa kingine. Nikatoka nikachukua simu.

Nimemwandikia Mutua hapana, na kwamba aufute wimbo kwenye rekodi yao. Akajibu, "Mwanahabari akimwogopa kila shahidi atatangaza nini? Tafakari, dada." Si mtu mbaya. Huenda yuko sahihi. Lakini nimekaa hapa nikiwaza kwamba wale wenye majembe nao hawakuomba ruhusa, na nimeona aibu kujiweka nao mstari mmoja, na bado nimejiweka.

Wimbo umeshazunguka kwenye simu za watu. Huo siwezi kuufuta. Jina la baba yangu bado halipo popote. Bado nataka kuwa mwanahabari, tena zaidi ya juzi, na sijui kama hilo ni jambo zuri. Ayeeyo akiniambia niliandike jina la baba, nitaliandika. Asiponiambia, je? 

Gari la Bura linaondoka baada ya alfajiri. Nitambebea begi mpaka stendi. Akininyang'anya, nitatembea nyuma yake.