Ekzosi Aliyonifungia Athumani

Jumatano

Eti Athumani fundi ananiomba niutangulie msafara wa arusi ya bintiye Jumamosi, maana pikipiki yangu kubwa inapendeza!

Ni yeye aliyenifungia ekzosi mpya. Nilimuuliza kama kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini nacho hakitahitaji kurekebishwa, akanicheka mbele ya wateja: "Mama, wewe endesha tu."

Ijumaa iliyopita nilipita penye matanga hapa Msambweni. Nilipopunguza mwendo kwa heshima, ekzosi ikalipuka kama bunduki, na tangu hapo hulipuka kila nikienda polepole. Kisomo cha khitma kikakatika, wazee wakatimka. Nikaomba radhi nyumba nzima. Athumani akaenda kuwaambia watu kwamba sijui kuendesha.

Leo nimenunua huko Ukunda kifaa cha kurekebisha mafuta, na ekzosi nyingine yenye sauti ya adabu. Vyote viko chini ya kitanda.

Namwonea huruma Mwanaisha, bibi arusi. Hajawahi kunipita bila shikamoo. Naogopa atalia.

Lakini nimekubali. Vitu vipya nitavifunga Jumapili. Jumamosi nitakwenda na ekzosi ya babake, na atakayeruka kwa mshtuko nitamwambia fundi ni nani.

Na msafara wa arusi huenda polepole.