Anwani Anayoijua Kaka Yangu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Mtama tu wazima, mihogo tumeshang'oa. Unauliza kwa nini naing'ang'ania anwani hii kuukuu ya barua pepe.

Nikiwa karani Lindi, kompyuta ilionyesha maandishi matupu, nami niliangalia masanduku mawili ya barua: langu kila siku, la ofisi Jumatatu tu. Baba alipougua nilimwandikia kaka yangu aliyeko Muscat, nikasahau kubadili sanduku, barua ikatoka kwa anwani ya ofisi. Nikangoja jibu kwenye sanduku langu, likabaki tupu. Baba akafariki, tukamzika siku ile ile.

Kaka aliingia matangani akanikuta nawaambia watu ametutupa.

"Si niliandika mnisubiri?"

Jumatatu nikalikuta jibu lake kwenye sanduku la ofisi, mwenyewe keshaondoka. Nikamwandikia kuomba radhi, safari hii kwa anwani yangu. Hajajibu mpaka leo. Anwani aliyonayo ni hii.

Babu yako,
Hashimu