Kiti cha Boti na Ubao wa Jana

Neema mjukuu wangu,

Jambo sana huko Lubumbashi! Hapa Uvira tuko salama, shangazi yako amezaa mapacha, na miye nimecheka siku nzima juu ya swali lako. Shefu wako kazini amekupa siku tatu za kupima programu kabla watu hawajaitia kwenye simu zao, na weye unataka kupima kila kitu? Nilikuwa vile vile!

Wakati wa vita, baba yangu alikuwa anatengeneza boti za mbao hapa ufukoni. Asubuhi moja majirani walikuja na mizigo, wavuke ziwa haraka. Boti iliyokuwapo ilikuwa imebadilishwa ubao mmoja wa chini jana yake. Miye nikaanza kupima makasia, viti, hata kamba.

Baba akaniita. "Kiti kikivunjika, muntu atakaa chini. Maji yakiingia je?"

Tukamimina ndoo za maji ndani, boti ikiwa bado mchangani. Pembeni ya ubao mpya, maji yakadondoka! Tukaziba kwa pamba na mafuta ya mawese, tukamimina tena. Kukavu.

"Inatosha. Tusukume!"

"Na viti, baba?"

"Watavijaribu wenyewe."

Tulipima panapoweza kuzamisha watu, na pale tulipogusa jana yake, kisha tukaacha.

Wote walivuka. Vita ilipotulia, kijana mmoja akarudi kunigombeza: kiti chake kilivunjika katikati ya ziwa! Nilifurahi, Neema, nikaruka! Alikuwa hai, analalamika.

Ndiye babu yako.

Koko wako